Mgongo wa Mji

Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hata ukuta wa jirani haukuonekana, na kioo cha dirisha la karakana kilikuwa kimelowa kama uso wa mtu aliyetoka kunawa. Mvua haikunyesha, jua halikutoka. Ilikuwa hali ya hewa isiyokuwa na la kusema.

Brashi alifuta kioo kwa kiganja, akachungulia nje, akatabasamu peke yake. Alikuwa amemkumbuka kaka yake. Kaka huyo, Mungu amrehemu, kila alipotaka kuanza kazi mpya alikuwa akichukua karatasi ya mchoro, anaibandika kwenye kioo hiki hiki, kisha anasimama mbele yake kwa muda mrefu na penseli mkononi. Brashi alipokuwa msichana alimwuliza, "Kaka, unafanya nini hapo?" Naye akajibu bila kugeuka, "Nasoma hali ya hewa."

Utani huo ukakaa ndani ya nyumba kama kiti. Kila kaka aliposimama dirishani, Brashi akipita alimchokoza, "Leo wanasemaje?" naye akajibu, "Manyunyu upande wa sokoni." Wakacheka, kila mmoja akashika kazi yake. Swali lenyewe hakulirudia tena.

Jina lake halikuwa Brashi, lakini hata watoto wa mtaa hawakujua jingine. Alipewa kwa sababu ya brashi ya manyoya aliyoichomeka nyuma ya sikio kutwa nzima, wakati mwingine hadi kwenye ibada. Nyumba yao ilikuwa ikitengeneza miji. Ndivyo walivyoziita zile picha ndogo za miji, pana kama kitabu kilichofunguliwa, zilizotengenezwa kwa bati la shaba nyekundu na kupakwa dhahabu. Mapaa, minara, madaraja na miti vyote vilichomoza, mtu akavipapasa kwa kidole. Wateja wa zamani walipenda kutania wakitoka mlangoni: "Nimenunua mji mzima, na bado mkoba haujajaa."

Kazi ilikuwa hivi. Bati jembamba lililazwa kifudifudi juu ya lami iliyopashwa moto ikalainika. Mchoro ukabandikwa nyuma ya bati, kisha fundi akaufuata, akigonga taratibu kwa nyundo ndogo na vyuma vyenye ncha butu. Panapogongwa panabonyea, na upande wa pili panachomoza. Kwa hiyo mgongaji haoni nyumba. Siku zote anaona mashimo. Uso wa mji humfunukia siku ya kubandua bati.

Huo ulikuwa mkono wa wanaume wa nyumba hiyo. Babu aligonga, baba akagonga, kaka akagonga. Brashi alipokea bati likiwa limekwisha kubanduliwa na kuoshwa, akaingia nalo chumba cha nyuma, akafunga mlango na madirisha. Karatasi ya dhahabu ni nyepesi kuliko pumzi. Mtu akikohoa tu, imeshapanda juu ya kabati. Humo ndani, akipumua kama mwizi, alizipaka nyumba gundi, akazivika dhahabu, akazisugua kwa jiwe laini mpaka zikawaka. Kazi ya chumba cha mbele aliijua kwa kuisikia tu kupitia ukutani: tik, tik, tik.

Kaka alipofariki, ukuta ukanyamaza. Wateja nao walikuwa wamekwisha kupotea, maana siku hizi kuna mashine zinazochapa miji kama biskuti, na rangi ya dhahabu inatoka kwenye kopo. Brashi akabaki na baba yake, Mzee, ambaye macho yake yalizimika zamani, na wifi yake, mjane wa kaka, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na moyo mwepesi zaidi.

Katika miji yote iliyotoka mikononi mwa ukoo wao, Mzee alijiwekea mmoja. Ulikuwa wa zamani sana, kazi ya babu yake, na ulikuwa mji wao wenyewe, mahali walipotoka kabla ya bwawa kubwa la umeme kujengwa na maji kuufunika wote. Hakuna picha nyingine iliyobaki. Kila asubuhi akimaliza kusali, Mzee aliuweka mapajani na kusema, "Naenda nyumbani, msiniite." Kidole chake cha shahada kikaanzia pembeni kushoto, kwenye daraja. Kikapita juu ya daraja, kikakipita kinu cha nafaka, kikapanda mteremko hadi sokoni, kikafika kwenye kisima, ambacho babu yake alikifanya kitundu kidogo chenye ukingo. Hapo kikakata kushoto. Nyumba ya milango miwili. Hapo kidole kilikaa.

Lakini shaba nayo ni mwili, inachoka. Kwa miaka hiyo yote ya kwenda nyumbani, Mzee aliimaliza dhahabu ya njia yake, kisha akaanza kuimaliza shaba. Siku moja Brashi aliona mwanga unapenya kwenye paa la nyumba ya milango miwili. Pametoboka. Alipomwambia, Mzee alisema, "Basi ninaula mji wangu mwenyewe. Upelekeni kwa watu wanaojua kuhifadhi, kabla sijaumaliza."

Ukapelekwa makumbusho kwa baraka zake. Wakaupokea kwa heshima, wakaufanyia sanduku la kioo na taa yake. Mzee alipoanza kuumwa aliomba apelekwe kuuona, na Brashi akampeleka. Walipofika mbele ya sanduku, Mzee alinyoosha kidole, kikagota kwenye kioo. Akapapasa kulia, akapapasa kushoto. Kila mahali ni kioo.

"Uko humu?" aliuliza.

"Umo, Baba. Mbele yako kabisa."

Mlinzi, kijana mpole, alisema kwa sauti ya chini, "Samahani sana babu, hairuhusiwi kufungua. Ningekuwa na uwezo ningekufungulia." Mzee akamshukuru. Brashi alisali kimoyomoyo njia nzima ya kurudi bila kujua hasa anaomba nini.

Baada ya hapo ugonjwa ukamkalia. Hospitali wakasema wamefika mwisho wa uwezo wao. Arudishwe nyumbani, apewe kile atakachopenda. Mzee hakupenda chakula wala dawa. Alitaka kitu kimoja: kwenda nyumbani mara moja tena kwa kidole, kabla hajaondoka.

Ndipo Brashi alipoamua kushika nyundo. Bwana mmoja wa makumbusho alimletea picha ya mji ule, iliyopigwa kwa ukubwa wake halisi. Akainakili kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Akaibandika karatasi nyuma ya bati. Akagonga. Mwanzoni mkono ulikuwa mgeni, ukapotosha chuma mara kwa mara, lakini alikuwa ameisikiliza kazi hiyo kupitia ukutani tangu utotoni, na sikio lilimfundisha pale jicho liliposhindwa. Kadiri alivyogonga ndivyo mashimo yalivyozidi kufanana na picha iliyotundikwa ukutani. Daraja kushoto, kinu, soko, kisima. Kila jioni alimshukuru Mungu, na kila asubuhi Mzee aliuliza umefika wapi, naye akajibu, "Niko sokoni, Baba. Nakuja."

Na Jumanne hii ndiyo ilikuwa siku ya kubandua.

Alipasha lami, akaibembeleza, bati likaachia. Akasugua mabaki kwa mafuta ya taa, akaosha kwa maji ya sabuni, akaosha tena kwa maji matupu. Kisha akaligeuza, uso juu. Moyo ukamruka kwa furaha. Mapaa yalikuwa yamesimama. Ukingo wa kisima ulikuwa mdogo na mviringo kama pete ya mtoto. Akaliinua karibu na picha ya ukutani ili avilinganishe.

Kwenye picha daraja lilikuwa kushoto. Kwenye shaba lilikuwa kulia.

Alidhani ameshika vibaya. Akalizungusha juu chini. Daraja likaja kushoto, lakini mapaa yote yakaning'inia kama popo. Akalirudisha. Kinu upande mwingine, soko upande mwingine, na ukifika kisimani, nyumba ya milango miwili iko kulia. Mji mzima ulikuwa umegeuka, kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Akatazama dirishani. Ukungu ulikuwa pale pale, na alama ya kiganja chake ikitiririka maji. Hapo akaelewa. Kaka hakuwa akisoma hali ya hewa. Alikuwa akibandika mchoro kwenye kioo uso ukielekea nje, ili mwanga uupenye, naye auchore upya kwa nyuma, uliogeuka. Kinachogongwa mgongoni kikiwa kimegeuzwa ndicho hutoka usoni kikiwa sawa. Ilikuwa hatua ya kwanza ya kazi, ndogo kama kufunga kamba za viatu, na kwa sababu ya utani mmoja hakuna aliyewahi kumwambia.

Aliketi. Alitaka kusali lakini maneno hayakuja, akabaki anasema, "Ee Mungu. Ee Mungu."

Mlango ukafunguliwa kabla hajasimama. Wifi aliingia amekunja mikono ya gauni.

"Mzee anauliza, mji umefika au bado uko njiani?"

"Wifi, ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Nimesikia maji yanamwagika, nikamwambia mji unaogeshwa. Ameshanyolewa ndevu. Ametaka shati jeupe, ati haendi nyumbani kwao kama mwizi wa kuku." Akachungulia mezani. "Kumbe mkono unao, wewe mwanamke. Miaka yote hii umejificha nyuma ya dhahabu."

"Wifi, kuna jambo."

"Jambo gani? Dhahabu utapaka baadaye, yeye haoni dhahabu. Amka basi. Leo kapumua vibaya, sitaki kukuficha."

Brashi alimtazama wifi yake, akaona kwamba macho ya mwanamke huyo hayachezi pamoja na mdomo. Akalichukua bati likiwa bado limelowa, akalifunga kwa kitambaa. Njiani, katika ukumbi ule mwembamba, alijiambia kwamba vidole vya mgonjwa si vidole vya mtu mwenye afya. Huenda asitambue. Alimwomba Mungu asitambue, na papo hapo akaona aibu kwa dua hiyo.

Chumbani, kando ya kitanda, alikuwepo fundi saa wa duka la jirani, rafiki wa Mzee tangu ujana. Mtaa mzima walimwita Bado Kidogo, kwa kuwa ndilo jibu alilompa kila mteja aliyefuata saa yake. Alikuwa anafuta wembe kwa taulo.

"Nimemnyoa vizuri," alisema. "Akifika kwao watadhani ni bwana harusi."

"Umenikata mara mbili," alisema Mzee. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake.

"Nimekuwekea alama wakutambue."

"Na saa yangu?"

"Bado kidogo."

Mzee alicheka bila sauti, kifua kikahangaika, na wote wakangoja kitulie. Kisha akanyoosha mikono. "Mwanangu, leta."

Wifi alimwinua kwa mito. Brashi akaweka bati mapajani mwake. Mzee alilipapasa kingo kwanza, taratibu, kama mtu anayepima mlango kabla ya kuingia. Alisema maneno machache ya sala. Kisha akasema, "Naenda nyumbani, msiniite."

Kidole kikaenda kushoto kutafuta daraja.

Kikakuta kilima. Kikarudi, kikaanza tena chini zaidi. Kilima. Kikatembea pembeni yote kutoka juu hadi chini, kikasimama. Baadaye kidogo kidole kikavuka mji mzima kama kipofu anayevuka barabara, kikalikuta daraja upande wa pili. Uso wa Mzee ukapata nuru kidogo. Akapita juu ya daraja, akakipata kinu, lakini mkono ulikuwa unakwenda upande usiouzoea, ukijikwaa. Alipofika kisimani aliuzungusha ukingo wake mara kadhaa, akakata kushoto.

Hapakuwa na nyumba ya milango miwili. Palikuwa na uzio wa soko.

"Ngojeni," alisema. Akarudi kisimani. Akakata kushoto tena. Uzio. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. "Hapa palikuwa na ... ngojeni."

"Pumzika kidogo, rafiki yangu," alisema Bado Kidogo.

"Nimepotea," alisema Mzee. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekiri mbele ya mwenyeji. "Daktari alisema kichwa kitatangulia kuondoka. Sikujua kitaanzia huku. Mambo mengine yote yangekwenda, hili nililitaka libaki. Nimesahau nyumba ya mama yangu."

Brashi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Angeweza kunyamaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi: Mzee angeondoka akiamini kwamba kichwa chake ndicho kilichokosea, na hakuna mtu duniani angejua. Wifi alikuwa anamtazama, tayari amehisi.

"Hukusahau, Baba," alisema Brashi. "Ni mimi. Mji umegeuka. Karatasi niliibandika kama ilivyo. Kaka aliniambia anasoma hali ya hewa, nami nikaamini. Nimegundua leo, nikaogopa kukuambia."

Mzee akatikisa kichwa, na kitu kama tabasamu kikapita mdomoni. "Hali ya hewa," alisema. "Utani huo ni wangu. Mimi nilimwambia yeye alipokuwa mdogo, nisisumbuliwe."

"Nisamehe, Baba. Nitatengeneza mwingine. Nitaanza leo hii."

"Mwingine utaisha lini?"

Bado Kidogo alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza neno lake kumshinda.

"Basi ugeuze huu," alisema Mzee. "Nipe mgongo wake. Mgongoni uko sawa."

Ilikuwa kweli. Mgongoni ndiko alikogonga, na mgongoni daraja lilikuwa kushoto. Brashi akaligeuza bati kifudifudi, mashimo juu, akamrudishia baba yake mapajani. Kwa dakika hiyo moja aliona tumaini. Alidhani Mungu amefungua mlango wa nyuma.

Kidole kikaenda kushoto. Kikalipata daraja, lakini hakikupita juu yake; kilizama ndani, kikafuata mfereji wake. Kikapata shimo la kinu. Mteremko uliokuwa wa kupanda sasa ulikuwa wa kushuka. Sokoni, vibanda vyote vilikuwa vishimo vidogo vidogo, kama udongo baada ya manyunyu. Kisima peke yake kilikuwa kimeinuka.

"Kisima kimesimama," alisema Mzee. "Mji mzima umeanguka, kisima kimesimama."

Akakata kushoto. Kidole kikaingia mahali pa nyumba ya milango miwili, kikazama, kikatulia humo. Alipokitoa kilikuwa kinang'aa. Kulikuwa na tone lililobaki huko ndani tangu kuoshwa. Akakisugua kidole chake kwa dole gumba, polepole.

"Maji yamo ndani," alisema.

Wifi aligeukia ukuta. Brashi alitaka kueleza kwamba ni maji ya kuoshea tu, kwamba hakupata nafasi ya kukausha, lakini alitambua kwamba Mzee anajua.

"Siku ile tulipohamishwa," alisema Mzee, "walitupandisha kwenye malori. Wengine waligeuka kutazama maji yanavyopanda. Mimi sikugeuka. Nilikuwa na ule wa babu kifuani, wa dhahabu, nikasema mji wangu ninao. Maisha yangu yote nimetembea juu ya mapaa ya dhahabu. Kwetu hapakuwa na dhahabu hata ya jino." Alipumzika. "Leo ndiyo nimefika. Ndivyo ulivyo. Huu ndio wenyewe."

"Baba, nisamehe."

"Nilishakusamehe kabla hujamaliza kusema. Nasema jambo jingine. Najua mkono wako. Nikishaondoka utaona huzuni, utauchukua huu uende nao chumba cha nyuma, utafunga madirisha, utauvika dhahabu uwe mzuri, uutundike, wageni waseme ah. Usifanye hivyo. Uache hivi. Na usitengeneze mwingine ulio sawa, hakuna wa kuutembelea."

"Sawa, Baba."

"Sawa ya mtoto aliyetumwa dukani siitaki. Sema, na hawa wasikie."

Brashi alitoa brashi nyuma ya sikio lake. Alikuwa ameisahau hapo. Hakuwa ameitumia tangu kaka alipokufa, lakini kila asubuhi aliichomeka. Kwa miezi mingi ya kugonga alikuwa akijitia moyo kwa kuiwaza siku ya dhahabu, siku atakaporudi kwenye kazi anayoijua. Akaiweka kitandani, karibu na mkono wa baba yake. Nje ya dirisha ukungu haukuwa umeinuka hata kidogo. Wifi aligeuka kutoka ukutani, macho mekundu, akasimama wima kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Bado Kidogo akavua kofia.

"Baba," alisema Brashi, na sauti yake ilisikika hadi ukumbini, "mji huu sitautia dhahabu, wala sitamruhusu mtu autie nikiwa hai. Sitatengeneza mwingine. Utakaa kama ulivyo, mgongo juu, katika nyumba hii. Wifi amesikia, fundi saa amesikia, na Mungu amesikia."